Simama Kwanza: Mwongozo wa Kupiga Picha za Safari kwa Mapenzi Tu

Ukirudi safari na picha elfu mbili kwenye simu, kisha mtu akakuomba umwonyeshe moja tu inayoeleza ulikokwenda, kidole huanza kupitisha picha, kikapitisha, kikapitisha, na jibu lisipatikane. Picha zipo, tena nyingi zimetoka safi. Shida ni kwamba karibu zote zilipigwa na mtu aliyekuwa anapita.

Nimepiga picha za safari kwa miaka mingi, kwa mapenzi, bila kuuza hata moja. Katika yote niliyojifunza, lililochelewa zaidi kuniingia ndilo lililonifaa zaidi: safari ni mwendo, lakini picha humtaka mtu atulie. Hatua zote zilizo hapa chini, kuanzia mkoba mpaka albamu, nimezipanga kwa kufuata hilo.

Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, aliitega kamera yake kwenye dirisha la juu jijini Paris, akaielekeza kwenye barabara ya Boulevard du Temple. Kulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini bamba lake la kunasia picha lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kila aliyekuwa akitembea alifutika. Barabara nzima ikaonekana tupu, isipokuwa pale kwenye kona, ambapo mtu mmoja alikuwa amesimama, mguu ameuinua, aking'arishiwa viatu. Ni miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha ya kamera, na kilichomweka pale ni kutulia kwake. Siku hizi kamera hunasa tukio kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo anayepigwa halazimiki tena kusimama. Kazi hiyo sasa ni yako wewe mpigaji.

Hatua ya 1: Beba kidogo, ukijue unachokibeba

Kama una simu inayopiga picha safi, anza nayo. Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4,000 kwa 3,000. Ukiichapisha kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya sentimita 34 kwa 25 hivi. Hiyo inatosha kutundika ukutani. Yapo mambo mawili tu ambayo watu husahau. La kwanza ni kufuta lenzi. Simu hukaa mfukoni na mkononi, na mafuta ya kidole yakishatanda kwenye kioo, taa zote za usiku hutoka na mistari ya ukungu. La pili ni kuacha kuvuta picha kwa vidole viwili. Ukipita uwezo wa lenzi zilizomo kwenye simu, huvuti kitu chochote karibu. Unakata tu kingo za picha na kukuza kilichobaki. Kama kitu kiko mbali, tembea.

Ukiamua kununua kamera yenye lenzi za kubadilisha, ushauri wangu ni lenzi moja isiyozumu, yaani isiyoweza kuvuta kitu karibu, ya milimita 35 au 50 (namba hii ikizidi, lenzi huona mbali zaidi lakini eneo dogo zaidi). Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alizunguka mabara kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa lenzi ya milimita 50. Lenzi ya aina hiyo ni nyepesi, inaona vizuri gizani, na baada ya wiki kadhaa unaanza kuona fremu hata kabla ya kuinua kamera. Mwenye lenzi nne hupoteza nusu ya siku akizibadilisha, vumbi likiingia ndani, na tukio halimsubiri.

Betri ya akiba ni lazima. Zibebe betri za akiba na pawa benki kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, kamwe zisiwe kwenye mzigo wa chini. Kanuni za usafiri wa anga zinadai hivyo kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto lazima ziwe mahali ambapo mtu ataziona. Kiwango cha kawaida kinachoruhusiwa bila kuomba idhini ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ikiwa pawa benki yako imeandikwa mAh tu, gawanya kwa 1,000 kisha zidisha kwa volti: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, kwa hiyo inapita.

Kadi za kumbukumbu, chukua mbili za kadiri badala ya moja kubwa. Kadi moja ikiharibika, utakuwa umepoteza nusu ya safari tu. Tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, mimi huiacha nyumbani mara nyingi. Usiku naweka kamera juu ya ukuta au mkoba uliokunjwa, naiwekea kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise, basi.

Hatua ya 2: Wiki moja kabla ya kuondoka

Jizoeze kamera yako ukiwa nyumbani mpaka uweze kubadilisha mipangilio bila kutazama vitufe. Halafu weka saa ya kamera sawa na saa ya unakokwenda. Nilipuuza hilo safari moja ya wiki tatu, na baadaye picha zangu za kamera na za simu hazikupangika pamoja. Mapambazuko yalikaa katikati ya chakula cha usiku. Nilitumia siku mbili kuzipanga upya moja moja.

Soma pia sheria za huko. Kambi za jeshi, vituo vya mpakani na mara nyingi viwanja vya ndege havipigwi picha katika nchi nyingi, na kosa hilo huwa halisamehewi kwa kusema hukujua. Kama una droni, hakikisha unaruhusiwa hata kuingia nayo. Moroko, kwa mfano, huizuia pale pale mpakani kama huna kibali.

Hatua ya 3: Ujue mwanga wa mahali kabla ya kuijua mitaa yake

Siku ya kwanza ukifika, tafuta jua linachomoza upande gani na linazama upande gani. Jengo linaloangalia mashariki lipe asubuhi, linaloangalia magharibi lipe jioni. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama uso wa jengo utakuwa na uhai au utakuwa kivuli kitupu chenye anga nyeupe nyuma yake.

Kujua muda uliobaki kabla ya jua kuzama huhitaji programu yoyote. Nyoosha mkono mbele yako, geuza kiganja kikuelekee, laza vidole vinne kati ya jua na upeo wa macho. Kila kidole ni dakika 8 hivi. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa, na kidole kimoja kwenye mkono ulionyooka hufunika karibu nyuzi 2. Karibu na Ikweta jua hushuka wima, kwa hiyo hesabu hii inashika vizuri. Ukienda mbali kaskazini au kusini hushuka kwa mshazari na muda unakuwa mrefu zaidi. Ndiyo sababu mwanga ule wa dhahabu wa kabla ya jua kuzama, ambao Ikweta hudumu nusu saa tu, Norwei mwezi Juni unaweza kudumu saa nzima na zaidi. Msafiri aliyezoea jioni ndefu akija Ikweta huchelewa kila siku, mpaka atakapojifunza kutangulia.

Jua likizama, usifunge mkoba. Watu wote huondoka dakika ile, na wanaiacha sehemu nzuri kuliko zote. Dakika 15 hadi 20 baadaye anga huwa ya buluu nzito na taa za majengo zimeshawaka, na nguvu ya hizo mbili inalingana. Taa hazichomi, anga haijawa shimo jeusi. Na wakati jua linazama, geuka nyuma angalau mara moja. Nyuso za watu wanaotazama machweo, kuta zilizopakwa rangi ya chungwa, vivuli virefu vinavyopanda ngazi; mara nyingi picha iko huko.

Jua la utosi halipendwi na wapiga picha, kwa haki, maana linatia kivuli kwenye macho na kuchoma ngozi. Lakini usilale saa hizo. Ingia chini ya baraza, uani, sokoni kwenye turubai, au mwombe mtu asogee hatua moja ndani ya mlango, uso ukiangalia nje. Mwanga unaoingia mlangoni ni laini, hutoka upande mmoja, na nyuma ya mtu huwa giza tulivu. Kwa picha za nyuso sijaona studio inayoushinda mlango.

Mawingu nayo yana kazi yake. Msitu, maua, vitambaa na watu hutoka vizuri zaidi siku ya mawingu kuliko siku ya jua kali, ilimradi usiweke anga kubwa nyeupe kwenye fremu. Baada ya mvua, shuka chini kwenye madimbwi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mpiga picha methali hiyo inafuatwa neno kwa neno: kamera ikikaribia maji kwa kimo cha kiganja, dimbwi dogo kama sinia hubeba mnara mzima.

Neno la mwezi: kwa macho huonekana mkubwa unapochomoza, lakini kwenye picha hutoka kinukta. Ukubwa wake kwenye kihisi cha kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni milimita za lenzi zikigawanywa kwa 110 hivi, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 huupa hata nusu milimita haifiki. Bila lenzi ndefu, utumie kama taa ya kuangazia mandhari.

Hatua ya 4: Chagua mahali, kisha mngoje mtu

Wengi huona mtu wa kuvutia, wakamkimbiza na kamera. Anageuka, nyuma yake kuna gari na nguzo ya umeme, picha imekwisha. Mimi naomba ufanye kinyume. Tafuta kwanza mandhari ya nyuma: ukuta wenye rangi, mlango, kona ambapo mwanga na kivuli vinakutana, daraja. Panga fremu yako. Zungusha jicho kwenye kingo zote nne, uone kama kuna mguu uliokatwa au tawi linaloingia bila kualikwa. Washa ile gridi ya mistari kwenye kioo ili upeo wa macho ukae sawa. Bahari iliyoinama humsumbua mtazamaji hata kama hajui kinachomsumbua. Halafu tulia umngoje atakayeingia.

Safari moja nilifika kwenye ngazi za mawe zinazoshuka mpaka mtoni. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Nilikaa chini, mto ukiwa mgongoni kwangu, nikitazama juu. Jua lilipenya kati ya nyumba mbili likaangusha ukanda wa mwanga juu ya ngazi tatu tu, upana wake kama mlango, na pande zote mbili kivuli kizito. Nilipima mwanga kwenye ule ukanda nikaacha fremu kama ilivyo. Walipita wawili wakizungumza, lakini walikuwa wamebanana, wakatoka kitu kimoja kisicho na umbo. Akapita kijana mbio, akawa ukungu. Mbwa akaja akalala katikati ya mwanga dakika kumi nzima, nikaamini ndiyo picha yenyewe, lakini nilipoitazama kwenye kioo alikuwa donge jeusi. Jua likizidi kushuka, ukanda ukapanda ngazi moja, nami nikainua kamera kidogo. Ndipo akatokea mzee amekumbatia kioo cha kabati kwa mikono miwili, akishuka kwa tahadhari, anapapasa kila ngazi kwa ncha ya kiatu. Alipoingia kwenye mwanga, kioo kikaurusha mwanga wote kwenye ukuta wa pembeni uliokuwa giza. Nilibonyeza mara tatu. Kwenye picha ya pili, ndani ya kioo alichokibeba, unaonekana mto uliokuwa nyuma yangu.

Nilikuwa nimekaa pale dakika arobaini. Wenzangu wa msafara walikuwa wameshaona makumbusho mbili.

Kwa hiyo jiwekee ratiba hii: kila siku ya safari, mahali pamoja tu ujipe nusu saa bila kuondoka. Mahali pengine popote piga picha za kawaida, hamna ubaya. Na ukiweza, rudi pale pale siku ya pili kwa saa nyingine. Siku ya pili unajua ni wakati gani duka hufunguliwa, watoto hutoka shule saa ngapi, kivuli cha mnara hufika wapi. Watu nao wanakuwa wamekuzoea.

Ukiwa pale, piga kwa umbali wa aina tatu: mbali, ili mahali paonekane pote, katikati, mtu na shughuli yake, karibu, mikono, bawaba ya mlango, fundo la kamba. Picha za karibu ndizo ambazo wasafiri hukosa, nazo ndizo baadaye hurudisha harufu ya mahali.

Hatua ya 5: Namba chache za kukariri

Kama kamera yako inakuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, hizi zitakutosha kwa kuanzia (1/125 ni sehemu moja ya 125 ya sekunde). Mtu aliyetulia: 1/125. Mtu anayetembea: 1/250. Watoto wanaocheza au ndege anayeruka: 1/1000. Maporomoko ya maji unayotaka yaonekane kama hariri: nusu sekunde, kamera ikiwa imeegemezwa. Baiskeli inayopita: 1/30, ukiifuata kwa kamera bila kusita hata baada ya kubonyeza, ili mwendeshaji atoke wazi na ukuta nyuma yake uwe mistari. Ukishika kwa mkono, kasi isishuke chini ya moja juu ya milimita za lenzi. Lenzi ya 50, basi 1/50. Mandhari pana ipe f/8 (namba ya tundu la lenzi), na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipandishe gizani bila hofu, kwa maana chembechembe zinavumilika ila picha iliyotikisika haitibiki.

Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kitu duniani kina rangi ya kijivu ya wastani. Ndiyo maana theluji na mchanga mweupe hutoka vichafu, na kitu cheusi hutoka kimepauka. Kwenye weupe mwingi ongeza fidia ya mwanga kwa +1. Kwenye weusi mwingi punguza. Kwenye simu, bonyeza kwa muda mahali unapopataka paonekane vizuri mpaka fokasi ijifunge, kisha telezesha kidole juu au chini.

Na ule ujanja ambao Daguerre hakuukusudia, wewe unaweza kuukusudia. Uwanja maarufu uliojaa watalii, weka kamera imara, funga filta nyeusi ya kupunguza mwanga mbele ya lenzi, acha shata wazi dakika mbili au tatu. Wanaotembea watayeyuka. Atakayebaki ni yule aliyekaa kwenye benchi akisoma.

Hatua ya 6: Watu

Hapa sitaharakisha, kwa kuwa hapa ndipo picha inapoweza kumuumiza mtu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, kutazama hakuzuiliki, lakini anayetazamwa kwa kamera ana haki ya kulivuta pazia lake. Akikunja uso, akiinua kiganja, akigeuka, shusha kamera na umwombe radhi kwa ishara. Usimpige kwa siri baada ya hapo ukiwa mbali.

Kuomba ruhusa si lazima kuwe hotuba. Jifunze maneno matatu ya lugha ya pale: salamu, "naomba", "asante". Salimu kwanza, kamera ikiwa kiunoni. Zungumza, nunua anachouza kama anauza na unakihitaji, uliza kazi yake inafanywaje. Kisha ionyeshe kamera na uinue nyusi. Watu wengi wakikubali hujikaza na kutazama lenzi kama picha ya kitambulisho. Piga hiyo, waonyeshe, wacheke. Picha unayoitaka ni ya nne au ya tano, wakisharudi kwenye shughuli zao na kukusahau. Ndiyo maana nasisitiza kukaa. Ruhusa hutolewa kwa sekunde moja, lakini utulivu wa mtu huchukua muda kurudi.

Watoto, omba mzazi au mlezi. Wagonjwa, waliofiwa, waliolala barabarani, waache. Jiulize kama ungependa mama yako apigwe picha akiwa katika hali ile na mgeni ambaye hatamwona tena.

Mahali pa ibada na makaburi pana masharti yake. Ndani ya kaburi la Taj Mahal huko India hupigi picha, ingawa nje unaruhusiwa. Kanisa dogo la Sistine huko Vatikani nalo hairuhusiwi. Fleshi izime katika makumbusho yoyote, hata kama hakuna kibao. Kuna na jambo la hakimiliki ambalo huwashangaza wengi: mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889, piga mchana na utumie upendavyo, ila mapambo ya taa zake za usiku yana hakimiliki, na kuchapisha picha zake kwa biashara kunahitaji idhini. Kwa albamu yako ya nyumbani hakuna tatizo.

Ukimwahidi mtu kumtumia picha, andika jina na namba yake pale pale, mbele yake, na umtumie ndani ya wiki ile. Ahadi za namna hii nyingi hufia kwenye mkoba, na mpiga picha atakayefuata ndiye anayelipia.

Hatua ya 7: Njiani

Dirisha la basi: sogeza lenzi karibu na kioo, ziba pembeni kwa kitambaa cheusi au kwa kiganja, zima fleshi, tumia 1/1000. Dirisha la ndege: kaa mbele ya bawa, upande usiopigwa na jua, na usigandamize lenzi kwenye kioo maana mtetemo unaingia kwenye picha. Nyuma ya bawa hewa ya moto ya injini huipindapinda mandhari.

Mchanga ukiingia kwenye lenzi, pulizia kwanza kwa pampu ndogo ya mpira. Ukikimbilia kupangusa, unapiga msasa. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu, lenzi itajaa ukungu. Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla hujatoka, uiache humo nusu saa izoee joto.

Na mara moja moja mpe mtu kamera, ujitie kwenye picha. Si lazima uwe mbele. Simama mbali, mdogo, chini ya ule mti au kwenye lile daraja. Miaka ikipita watu wako watataka kukuona wewe, na mpiga picha ndiye huyo asiyekuwapo kwenye albamu yake mwenyewe.

Hatua ya 8: Kila jioni

Hamisha picha za siku hiyo kabla ya kulala. Kanuni ya kuhifadhi ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine, kwa mfano kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski iliyo kwenye mkoba wa mwenzako. Kamera na nakala zikiwa katika mkoba mmoja, mwizi mmoja anatosha.

Usifute picha kwa kutazama kioo kidogo cha kamera ukiwa umechoka. Ukifuta kwa bahati mbaya, acha kuitumia ile kadi papo hapo, usipige hata picha moja zaidi. Picha iliyofutwa kwa kawaida bado imo. Kadi imeandika tu kwamba nafasi ile iko huru, na programu za kurejesha faili zinaweza kuitoa mpaka pale picha mpya itakapoandikwa juu yake.

Kisha chukua daftari, uandike mistari mitano. Jina la mtaa, jina la uliyempiga kama alikupa, alisema nini, upepo ulikuwaje. Ni kazi ya dakika kumi, na inakera ukiwa na usingizi. Ifanye.

Hatua ya 9: Nyumbani

Subiri wiki mbili kabla ya kuchagua. Mara tu ukirudi bado unapenda picha kwa sababu ya jasho lililokutoka kuipata, na mtazamaji halioni jasho hilo. Baada ya wiki mbili, pitia zote haraka na utie alama zinazokusimamisha. Siku nyingine pitia zenye alama tu, upunguze nusu. Endelea mpaka zibaki ishirini. Mbili zinazofanana, moja itoke, hata ikikuuma.

Kuhariri, fanya kidogo: nyoosha upeo wa macho, kata kingo zisizo na kazi, inua vivuli kiasi, rekebisha rangi ya ngozi iwe kama ulivyoiona. Kama umepiga kwa faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) utakuwa na nafasi kubwa ya kuokoa mwanga uliozidi; kama ni JPEG, faili la kawaida lililobanwa, nafasi ni ndogo na hilo si msiba. Kabla ya kusambaza picha za watoto, au za wanyama wanaowindwa kama vifaru, ondoa taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya faili.

Zile ishirini zichapishe. Chagua karatasi isiyong'aa, ambayo haishiki alama za vidole upesi. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, tarehe, mahali na jina, ukinakili kutoka kwenye daftari lako. Kalamu ya wino huvuja mpaka upande wa mbele. Zikishakauka zipange kwenye albamu, na albamu iweke kwenye rafu isiyopigwa na jua, kwa urefu ambao hata mtoto wa nyumbani ataufikia.